Unaanza PhD ya biolojia ya kuzeeka? Jifunze kuhesabu vifo kabla hujagusa molekuli

Nianze na kitu ambacho mi mwenyewe hakuna aliyenikalisha chini akaniambia wakati naanza. Ukichukua PhD ya molekuli za kuzeeka unaingia maabara kichwa kimejaa telomea (ncha za kromosomu), mTOR na sirtuini (protini zinazohusishwa na kuzeeka), saa za DNA (kukadiria umri kwa alama za DNA), unataka wiki ya kwanza tu uwe unapima protini, kumbe kipimo ambacho kila kitu kingine kinakaa juu yake ni cha kizamani kabisa: huyu mnyama amekufa siku gani? Basi, ni hicho. Ukikosea hapo, hata upewe mashine nzuri kiasi gani ya kusoma jenomu, utakuwa unatafuta maelezo ya jambo ambalo halijatokea. Kwa hiyo hapa naongelea hasa jaribio la urefu wa maisha, namna ya kulifanya mpaka wewe mwenyewe uliamini, afu ndo molekuli zifuate. Natumia minyoo, C. elegans, kwa sababu ndo ninaoshinda nao, ila mtu wa nzi au wa samaki atajiona humu pia.

Kwanza mnyama. Mchague kwa kalenda. PhD yako ina miaka 3, 4, labda 5 ukiongezewa muda, na panya mdogo wa maabara peke yake anaishi miaka 2 mpaka 3, maana yake ukiharibu kundi la kwanza hakuna la pili. Nzi wa matunda anakwenda miezi 2 au 3. Yule samaki mdogo wa madimbwi ya mvua ya Zimbabwe na Msumbiji, kilifishi, ni miezi 4 mpaka 6, na ana uti wa mgongo kabisa kwa hiyo anavutia. Hamira unahesabu seli mama imejigawa mara ngapi kabla haijaacha, inakuja kama mara 25 hivi. Mnyoo wetu akikaa kwenye nyuzijoto 20 anaishi wiki 2 mpaka 3, ana urefu wa milimita 1, mwili wake unapitisha mwanga kwa hiyo unaona hadi utumbo bila kumpasua, na kutoka yai mpaka naye aanze kutaga ni siku 3 na nusu hivi. Kwa mwanafunzi hiyo ni neema kubwa, ndani ya mwaka mmoja unarudia jaribio mara nyingi mpaka ujue ni kweli au ulijidanganya.

Wenye panya wao wamejifunza subira kwa njia nyingine. Kuna mradi Marekani unaojaribu dawa kwa panya kwenye maabara 3 kwa mpigo, Maine, Michigan na Texas, ili jibu la sehemu moja lisije kuwa bahati tu. Walipotaka kujaribu rapamaisini dawa ikagoma kukaa imara kwenye chakula, wakahangaika nayo mpaka panya wakafikisha siku 600, yaani wazee tayari. Wakaamua kuwapa hivyo hivyo. Majibu yakatoka 2009: ukipima kwa umri ambao 90% ya panya wameshakufa, majike waliongezeka 14% na madume 9%. Mi hiyo stori naipenda sana kwa sababu ucheleweshaji wenyewe ndo ulifungua swali ambalo hawakulipanga, kwamba hata ukianza uzeeni bado kitu kinawezekana.

Turudi kwa minyoo. Mwaka 1988 Friedman na Johnson walionyesha kwamba hitilafu kwenye jeni moja, age-1, inarefusha maisha ya mnyoo. 1993 Cynthia Kenyon na wenzake wakaja na daf-2, mutanti (mnyoo mwenye hitilafu kwenye jeni hiyo) anaishi mara 2 ya kawaida na bado anatembea vizuri wakati wenzake wa umri ule wameshalala, na wakaonyesha kwamba hayo maisha marefu yanategemea jeni nyingine, daf-16, ukiiondoa hiyo mutanti anarudi kufa mapema kama wengine. Kwamba daf-2 ni kipokezi cha familia moja na kipokezi cha insulini mwilini mwetu ilikuja kujulikana 1997. Angalia mpangilio ulivyokuwa, miaka ya nyuma watu walikaa na kijiwaya wakagusa minyoo mmoja mmoja wakaandika, molekuli zikaja baadae zikakuta msingi umeshamwagwa zege. Na wewe fuata mpangilio huo huo.

Haya, kazi yenyewe. Streini, yaani ukoo wa minyoo, ya kawaida inaitwa N2, kuna hifadhi ya minyoo Chuo Kikuu cha Minnesota ambako maabara za dunia nzima zinaagiza. Ikifika tu, kabla hujaipenda, igandishe. Unachukua pleti (kisahani cha kufugia) ambayo minyoo wadogo wamejaa na chakula kimetoka kuisha, maana watoto wenye njaa ndo wanaovumilia baridi, unawachanganya na maji yenye gliseroli, unaweka kwenye friza ya nyuzi 80 chini ya sifuri, na baada ya siku kadhaa unayeyusha chupa moja kuhakikisha wanaamka. Watu wanaruka hiyo hatua ya mwisho, we usiiruke. Sababu ya kugandisha ni kwamba minyoo wakiachwa kwenye pleti miaka na miaka jeni zao zinabadilika polepole, na N2 wa maabara moja wanaweza wasiishi sawa na N2 wa maabara nyingine japo jina ni moja. Kila baada ya miezi kadhaa tupa unaowafuga, yeyusha wapya, na mutanti wako na kontroli (kundi la kawaida la kulinganishia) wayeyushwe wakati mmoja.

Wakishaamka usianze jaribio. Walishe vizurii angalau vizazi 2 au 3, wasikose bakteria, ndo chakula chao, hata siku moja, kwa sababu mnyoo aliyeonja njaa akiwa mdogo, au ambaye mama yake alionja njaa, hazeeki sawa na aliyeshiba. Pleti yenye fangasi iache, hata kama ndo iliyobaki na wageni wanakuja wiki ijayo kuona data. Unaweza kuwasafisha kwa maji ya klorini, wazima wanayeyuka mayai yanabaki, afu unaanza upya na hayo mayai na unahesabu vizazi tena.

Kupata minyoo wa umri mmoja ni rahisi: weka wazima 10 au 15 waliojaa mayai kwenye pleti mpya, waache masaa 2 mpaka 4 watage, watoe wote. Watakaoanguliwa wanapishana masaa machache tu. Baada ya siku kama 3 unawaokota wakiwa mwishoni mwa L4 (hatua ya mwisho ya utoto) au ndo wameingia utu uzima. Hapa sasa, amua siku ya 0 ni ipi na uiandike kwenye ukurasa wa kwanza wa daftari kwa herufi kubwa. Sio mchezo. Maabara 3 za Marekani zilizoungana kupima dawa kwa minyoo zilikuja kueleza mwaka 2017 kwamba mwanzoni namba zao hazikuoana, na walipochimba wakakuta vitu kama hivi, mmoja anaanza kuhesabu yai linapotagwa mwingine linapoanguliwa, hata namna ya kumnyanyua mnyoo ilitofautiana mtu na mtu. Ilibidi wakae waandike kila kitu upya. Kama wataalamu wa miaka mingi iliwakuta, wewe na mwenzako wa meza ya pili itawakuta.

Idadi: mi sianzi chini ya 100 kwa kila kundi, 25 mpaka 30 kwa pleti, na jaribio zima narudia mara 3, kila mara na minyoo wapya, pleti mpya, bakteria wapya. Kuweka minyoo 300 siku moja hakulingani na mara 3 za 100, maana kama siku ile inkubeta (kabati la kutunzia joto) ilikuwa na homa basi wote 300 walikuwa na homa.

Na inkubeta kuwa na homa ni jambo la kweli. Mnyoo hana joto lake mwenyewe, anazeeka kwa kasi ya hewa inayomzunguka, ukimpeleka nyuzi 25 maisha yanafupika wazi wazi, ukimshusha nyuzi 15 yanarefuka. Namba inayowaka kwenye mlango wa inkubeta inakwambia joto la pale kipimio kilipo, haikwambii la shelfu ya chini kule nyuma. Weka vipimajoto vidogo vinavyojirekodi, kimoja kila shelfu, na ukishaona tofauti hamisha pleti zako nafasi kila siku, mutanti na kontroli wachanganyike, isije ikawa kundi moja linakaa juu mwezi mzima. Mi niliwahi kukuta shelfu 2 za inkubeta moja zinapishana zaidi ya nyuzi 1, na kabla ya hapo nilikuwa nimepanga kontroli zote juu kwa sababu tu zilikuwa rahisi kufikia. Data ya miezi 2 ile sikuitumia.

Wakishaanza kutaga lazima uwahamishe. Mmoja anatoa watoto kama 300, ukiacha siku 3 hujui tena mama ni nani na mtoto ni nani. Kwa hiyo siku 5, 6 za kwanza za utu uzima unawahamisha kila siku au kila baada ya siku moja, halafu kutaga kukiisha unapumua, unahamisha pale chakula kinapopungua. Kuna njia ya mkato, dawa inaitwa FUDR inayozuia DNA kutengenezwa ili mayai yasikue, na maabara nyingi zinaitumia. Sikukatazi. Ila jua kuna mutanti ambao dawa hiyo yenyewe inabadilisha urefu wa maisha yao, hivyo kama utaitumia basi angalau mara moja fanya jaribio lako bila hiyo dawa, kwa mikono, ulinganishe. Mi nahamisha kwa mikono, inachosha shingo, lakini nalala vizuri.

Sasa sehemu ambayo ndo roho ya kazi, kuamua nani amekufa. Mnyoo kijana huna swali naye, amechora mistari ya mawimbi kwenye bakteria pleti nzima kama mtu aliyeburuta kidole kwenye unga. Siku ya 8, 9 mistari inakuwa mifupi. Ukifika siku ya 15 unafungua pleti unakuta wengi wamelala wamenyooka, ngozi imelegea, ndani kumekuwa na weusi weusi na mabonge ya mafuta, na huwezi kujua kwa kuangalia tu. Unachukua waya wa platinamu uliobapwa ncha, unaupitisha kwenye moto kidogo, unausubiri upoe, unagusa mkia kwa upole. Hakuna kitu. Unagusa karibu na kichwa. Unasubiri, mi nahesabu mpaka 5 kimoyomoyo. Kuna wakati mwili mzima umelala kabisa, afu ncha ya pua inaenda kushoto kidogo, kitu cha unywele, na inarudi. Huyo yuko hai. Muandike yuko hai. Angalia na koromeo linalosukuma chakula, kijana analipampu zaidi ya mara 200 kwa dakika, mzee unaweza kusubiri sekunde kadhaa ndo uone pampu moja ya uvivu. Joto la taa ya hadubini nalo linawaamsha, hivyo usikae na pleti moja dakika 10 chini ya taa na nyingine dakika 1.

Halafu hili naomba ulishike kuliko mengine yote: usijue unaangalia kundi gani. Mwaka wangu wa kwanza nilikuwa na dawa niliyoiamini sana, jaribio la kwanza likanipa siku 4 zaidi, nikampigia supavaiza usiku. Wiki zilizofuata, mwenzangu mmoja wa maabara alikuwa amekaa pembeni yangu anakula muda wake tu, akaniuliza kwa nini wale wa pleti ya dawa nawagusa mara 3 na wale wengine mara 1. Sikuwa najua nafanya hivyo. Kweli kabisa sikuwa najua. Macho yangu yalikuwa yanawatafutia uhai wale niliotaka waishi na kuwasaini wengine haraka. Nikamuomba anibandikie pleti zote herufi za ovyo ovyo, karatasi ya siri akae nayo yeye, nikarudia mwanzo mwisho. Tofauti ikashuka chini ya siku 1 na haikuwa kitu. Iliniuma, lakini tangu siku hiyo sijawahi kuhesabu pleti yenye jina halisi, na wanafunzi wanaokuja kujifunza kwangu naanza nao hapo kabla ya kuwaonyesha kushika waya.

Kuna wanaokufa kwa sababu ambazo hazihusiani na swali lako. Wapo wanaopanda ukuta wa pleti wakakaukia huko. Wapo ambao mayai yanaanguliwa ndani ya mama na watoto wanamla, wapo wanaopasuka pale kwenye tundu la kutagia utumbo ukatoka nje, wengine unawapoteza tu hujui wamekwenda wapi. Hao unawatoa kwenye hesabu siku hiyo hiyo kwa alama yake, kila sababu na alama yake, usiwachanganye na waliokufa uzeeni na usiwafute kama hawakuwahi kuwepo. Siku alizoishi kabla ya kupotea bado ni taarifa, hesabu za baadae zinajua kuzitumia. Na ukiona kundi moja limetolewa 30 na lingine 5, simama, hiyo yenyewe ni habari, labda mutanti wako anashindwa kutaga au dawa yako inawakera wanakimbia chakula.

Kuhusu dawa, wengi wanasahau kwamba kwenye pleti kuna viumbe 2. Mnyoo anakula E. coli hai, ndo wale bakteria, na dawa inamgusa E. coli kwanza. Mfano mzuri ni metformini, dawa ya kisukari, 2013 kundi la watafiti London lilionyesha kwamba inarefusha maisha ya mnyoo kwa kiasi kikubwa kupitia bakteria, inavuruga namna bakteria wanavyoshughulikia foleti na methionini, na mnyoo anapata matokeo ya hiyo vurugu. Kwa hiyo kila dawa ijaribu pia kwa bakteria waliouawa, kwa mionzi ya UV kwa mfano, ila ujue bakteria wafu wenyewe tu wanawafanya minyoo waishi zaidi, hivyo kontroli nayo iwe kwa bakteria wafu. Na uhesabu pampu za koromeo, maana dawa chungu inamfanya mnyoo ale kidogo, na kula kidogo kunarefusha maisha kwa njia yake, jambo linalojulikana kwa panya tangu miaka ya 1930, utajikuta umegundua njaa.

Upande wa mutanti mtego ni jeni za pembeni. Mutanti wako alitengenezwa kwa kemikali au mionzi iliyovunja na vitu vingine ambavyo hukuviomba. Mzalishe na N2 mara 4 mpaka 6, kila mara unamchagua anayebeba hitilafu yako, mpaka kilichobaki tofauti ni hicho kimoja. Sirtuini ndo somo hapa. 2001 ilitangazwa kwamba mnyoo mwenye nakala za ziada za sir-2.1, jeni yake ya sirtuini, anaishi muda mrefu sana, watu wakajenga fani nzima juu yake. 2011 watafiti wakiongozwa na David Gems wakachukua streini ile ile, wakaizalisha na N2, na maisha marefu yakaenda na hitilafu nyingine kwenye neva za hisia, sio na sir-2.1. Fikiria idadi ya PhD zilizoanza katikati ya hiyo miaka 10. Kumzalisha mnyoo mara 6 ni wiki kadhaa tu za kazi.

Ukishapita yote hayo na grafu bado imesimama, hongera, sasa fungua sanduku la molekuli. Swali la kwanza ni njia ipi, na jibu la haraka liko kwenye kuunganisha: mzalishe mutanti wako na asiye na daf-16. Kama maisha marefu yanapotea basi yanategemea daf-16, na huenda uko kwenye njia ya insulini, kama yanabaki uko kwingine. Unaweza pia kutumia minyoo ambao DAF-16 yao (protini ya jeni daf-16) imebandikwa protini inayong'aa kijani, ukaona kwa macho ikiingia kwenye kiini cha seli. Picha hiyo ni nzuri mno na inadanganya kirahisi mno, kwa sababu joto na njaa navyo vinaipeleka kwenye kiini, na mnyoo uliyembana chini ya kioo dakika 20 huku unatafuta engo nzuri tayari ana msongo. Piga picha za kila kioo ndani ya dakika chache, idadi ile ile, afu kioo kipya.

Ukitoa RNA (nakala zinazoonyesha jeni zipi zinafanya kazi) kulinganisha kijana na mzee kuna mambo 2 yatakuharibia. La kwanza mayai. Mnyoo wa siku ya 1 au 2 tumbo lote ni mayai, sehemu kubwa ya RNA uliyotoa ni ya viinitete, mzee hana, na utaandika kwamba uzeeni jeni mia kadhaa zimezimika kumbe ni uzazi umeisha. Watu wanakimbilia mutanti wasiozaa, kama glp-1, lakini hao kukosa chembe za uzazi kwenyewe kunawarefushia maisha, hivyo unakuwa umehama swali. Mi naona bora kuanza kulinganisha siku ya 6 au 7, uzazi ukiwa umekwisha pande zote, na kuacha siku ya 1 kama picha ya ziada tu. La pili ni kwamba minyoo wa siku ya 15 uliowaokota ni walionusurika. Wenzao nusu wameshakufa. Unachopima hapo ni wale waliokuwa imara tangu mwanzo pamoja na uzee wenyewe, vimechanganyika. Chukua sampo mapema, kabla vifo havijashika kasi, na kama lazima uende mbali basi sema hivyo wazi kwenye pepa.

Hesabu zenyewe sio ngumu kama watu wanavyoogopa. Grafu ya walio hai unachora kwa njia ya Kaplan na Meier, ya tangu 1958, hiyo ndo inayojua kuwashughulikia waliotolewa njiani, na makundi unalinganisha kwa kipimo cha logi-ranki. Onyesha kila rudio peke yake, usimwage minyoo wote wa marudio 3 kwenye sufuria moja ili thamani ya p (kipimo cha kama tofauti ni bahati tu) iwe ndogo. Afu angalia umbo la mstari, sio siku za katikati tu (umri ambao nusu wameshakufa). Tangu 1825 Benjamin Gompertz alionyesha kwamba hatari ya kufa inapanda kwa kuzidishwa kadiri umri unavyokwenda, kwa binadamu watu wazima inajirudufu kila miaka 8 hivi, na kwa minyoo unaweza kuuliza vile vile: mutanti wangu amechelewa kuanza kuzeeka, au anazeeka taratibu zaidi, au amepunguza tu vifo vya ujanani? Hizo ni biolojia 3 tofauti na siku za katikati peke yake hazitakwambia ni ipi.

Maisha ya pembeni sasa. Minyoo hawajui wikendi. Tafuta mwenzako mmoja mbadilishane Jumapili, mfundishane kuhesabu kwa kuhesabu pleti zile zile kila mtu kivyake mpaka namba zenu zioane, na hapo ndo muanze kuaminiana. Usianze majaribio 4 yanayoishia wiki moja, utahesabu masaa 9 kwa siku na siku ya 3 macho yataanza kuona pua zikicheza zisizocheza. Na uwe na kipande kingine cha PhD kisichosubiri kifo cha mtu, biokemia ya hiyo protini yako, au hata seli za binadamu kwenye chupa, zile ambazo Hayflick na Moorhead walionyesha 1961 kwamba zinajigawa kama mara 50 zinaacha. Wiki ambazo minyoo wanazeeka taratibu unakuwa na la kufanya.

Supavaiza wako mpelekee majibu mabaya haraka kama mazuri. Najua inavyotisha. Mi nikikata tamaa namkumbuka Carol Greider, alikuwa mwanafunzi wa PhD kwa Elizabeth Blackburn wakati alipoenda maabara tarehe 25 Desemba 1984 na kukuta kwenye filamu ile ngazi ya mistari, alama ya kwanza ya telomerasi, enzaimu inayorefusha telomea. Pepa haikutoka Januari. Ilitoka Desemba 1985, katikati walikuwa wanajaribu kuua wazo lao wenyewe, je ni enzaimu ya kawaida tu ya DNA inatufanyia mchezo? Walipewa Nobel 2009 pamoja na mtafiti mwingine, Jack Szostak, ila mi kinachonishika ni ile miezi ya katikati.

Utakutana na ndugu na marafiki watakaokuuliza wameze nini, na wengine watakuwa wanaumwa kweli au wana mzazi anayesahau majina ya watoto wake. Wajibu kwa heshima na kwa ukweli. Rapamaisini ni dawa inayotuliza kinga, wanapewa waliopandikizwa figo, na mtu kuinunua akajipima mwenyewe kwa sababu ya panya ni hatari, mwambie hivyo, mwambie aende kwa daktari wake, na usiruhusu grafu yako ya minyoo itumike kumuuzia mtu kidonge.

Mwisho wa jaribio ni mnyoo wa mwisho. Usifunge siku ya 30 kwa sababu wamebaki 2 na umechoka, hao 2 ndo mkia wa grafu yako, wape siku zao. Akifa wa mwisho andika tarehe na saa, mpigie mwenye karatasi ya siri afungue, bandika hiyo karatasi kwenye daftari jinsi ilivyo. Kisha andika papo hapo, kabla hujachora chochote, siku ya 0 ilikuwa ipi, joto kwa kila shelfu, bakteria hai au wafu, FUDR ndio au hapana, nani alihesabu siku zipi, wangapi walitolewa na kwa nini. Daftari lenyewe ukimaliza liache maabara karibu na friza, atakayeyeyusha minyoo wako baada yako atahitaji kuanzia hapo.